Mume wangu atapasuliwa ubongo akiwa macho. Je, atabaki na lugha zake?

*“Habari za kazi, daktari. Mume wangu ana miaka 41, ni mwalimu wa historia sekondari hapa Morogoro. Mwezi wa pili alianguka darasani akatetemeka mwili mzima. MRI imeonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele, na daktari bingwa anahisi ni glioma ya daraja la chini, yaani uvimbe wa ubongo unaokua polepole. Sasa anasema atapasuliwa akiwa macho, awe anaongea huku wanakata, ili wachore ramani ya sehemu za kuongea. Mimi silali. Kwa nini wasimlaze kabisa? MRI si imeshaonyesha uvimbe ulipo? Atasikia maumivu? Anaongea Kiluguru na wazazi wake, Kiswahili nyumbani na Kiingereza kazini. Anaweza kutoka pale amepoteza mojawapo? Mashemeji wanataka aende India. Mama mkwe anasema tuache kabisa, mbona anaongea vizuri tu. Tufanye nini?”*

Pole sana dada, na mpe pole mwalimu. Kwenye swali lako naona hofu mbili: kwamba atateseka mezani, na kwamba atatoka mzima lakini hawezi tena kusema alichonacho moyoni. Ya kwanza naweza kuiondoa karibu yote. Ya pili siwezi kuiondoa yote, na asikudanganye mtu kwamba anaweza. Ila ujue kwamba daktari wake ameamua kumwacha macho kwa sababu ya hofu hiyo hiyo ya pili.

Umeniita daktari, lakini mimi si mpasuaji. Ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Katika upasuaji wa aina hii ninakaa upande wa pili wa shuka la plastiki, uso kwa uso na mgonjwa, namwonyesha picha na kusikiliza kila anachotamka. Kwa hiyo nitakujibu zaidi kuhusu upande huo ninaoukalia.

Tuanze na maumivu. Wengi wakisikia “akiwa macho” wanafikiri mtu anakatwa bila dawa, au kwamba dawa za usingizi zimekosekana. Sivyo. Ubongo wenyewe hauna vipokezi vya maumivu. Unaweza kuguswa na kukatwa na mwenyewe asihisi chochote pale. Kinachouma ni ngozi ya kichwa, misuli ya kwenye panja na utando mgumu uliofunika ubongo. Daktari wa usingizi huchoma ganzi kwenye mishipa ya fahamu inayohudumia ngozi ya kichwa, kuanzia juu ya nyusi, mbele ya sikio, hadi kisogoni, na ganzi hiyo hukaa saa kadhaa. Utando nao hutiwa ganzi yake. Tena timu nyingi humlaza mgonjwa kwa dawa kama propofol wakati ngozi na fuvu vinafunguliwa. Ni dawa zinazokatika upesi zikizimwa, hivyo huamshwa ubongo ukiwa tayari umeonekana, na akishamaliza kazi yake anaweza kulazwa tena wakati wa kufunga. Timu nyingine hutumia usingizi mwepesi tu mwanzo hadi mwisho. Muulizeni daktari wake anatumia njia ipi.

Sisemi kwamba ni raha. Kichwa hubanwa na kifaa chenye pini tatu ili kisicheze hata kidogo. Kinywa hukauka, mpira wa mkojo humfanya mtu ajihisi amebanwa haja, na kulalia ubavu mmoja muda mrefu kunachosha. Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni ya nyonga na bega, si ya kichwa. Mwambieni tangu sasa kwamba akisikia chochote asijikaze kiume. Aseme, maana ganzi inaweza kuongezwa na mto kusogezwa.

Sasa MRI. Uvimbe imeuonyesha, ni kweli, lakini picha ile inaonyesha umbo na haisemi eneo fulani linafanya kazi gani. Vitabu vya shule vinachora eneo la Broca mbele kushoto na eneo la Wernicke nyuma yake, kana kwamba kila binadamu kazaliwa na mchoro mmoja. Habari hiyo ilianzia Paris mwaka 1861, daktari Paul Broca alipouchunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amebakiwa na neno moja tu, “tan”, akakuta umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke akaeleza wagonjwa waliokuwa wakiongea sana lakini hawaelewi wanachoambiwa, wenye madhara nyuma zaidi. Yote mawili yalikuwa ugunduzi mkubwa. Lakini ilipofika zama za kuuliza ubongo wa mtu aliye hai, mchoro ule ulianza kuyumba. Wilder Penfield alifanya kazi hiyo Montreal, Kanada, tangu miaka ya 1930, akipasua wagonjwa wa kifafa kwa ganzi na kugusa ubongo wao kwa umeme mdogo. Mwaka 1989 mpasuaji wa ubongo George Ojemann na wenzake wa Seattle, Marekani, walitoa ramani za wagonjwa 117: sehemu muhimu kwa lugha mara nyingi zilikuwa viraka vidogo vya sentimita moja au mbili za mraba, na mahali vilipokaa palitofautiana sana baina ya mtu na mtu. Hata upande wenyewe si wa kuapia. Kwa wanaotumia mkono wa kulia lugha karibu daima iko kushoto, lakini kwa wanaotumia wa kushoto, takribani robo yao wanayo kulia. Wakikuuliza mumeo anatumia mkono upi, hawapotezi muda.

Kuna MRI ya aina nyingine inayopigwa huku mgonjwa akitaja maneno kimoyomoyo, ikaonyesha damu inaenda wapi kwa wingi. Kuna pia picha za njia za nyuzi za ubongo, na kipimo cha sumaku kinachogusa ubongo kutoka nje ya fuvu. Zikiwepo zifanyike, zinasaidia kupanga mahali pa kuingilia. Ila zina upungufu wa aina moja: zinaonyesha maeneo yanayoshiriki, wakati mpasuaji anataka kujua lipi likitolewa mtu hataongea. Hayo ni mambo mawili tofauti. Isitoshe uvimbe hubadilisha mtiririko wa damu jirani yake, hivyo eneo hai linaweza kuonekana limenyamaza.

Na uvimbe wenyewe ukoje? Glioma haiko kama jiwe kwenye mchele, ukaliona ukalichambua ukalitupa. Imejipenyeza katikati ya ubongo unaofanya kazi, mpaka wake haushikiki, na wakati mwingine maneno yanapita ndani yake humo. Mgonjwa akiwa amelala fofofo, mpasuaji ana uchaguzi mbaya wa namna mbili: aache uvimbe mwingi kwa woga, au akate kwa ujasiri asiouona mwisho wake. Kumwamsha mgonjwa kunampa njia ya tatu.

Inavyofanyika ni hivi. Mwalimu ataamshwa taratibu, mtaalamu wa usemi kama mimi atamwita jina, atamuuliza yuko wapi. Tunasubiri hadi ulimi uwe mwepesi. Mpasuaji anashika kifaa chenye ncha mbili zilizoachana milimita 5 hivi, anaziweka juu ya ubongo na kupitisha umeme wa mipigo 60 kwa sekunde. Huanza na miliampia 1 au 2, akipandisha kidogo kidogo, na ni nadra kuvuka 6. Kwanza namwambia ahesabu: moja, mbili, tatu, nne… Ncha zikigusa mahali fulani hesabu inakatika, ghafla, katikati ya “tano”. Macho yananiangalia, anajua anachotaka kusema. Umeme ukiondolewa anaendelea, “sita”, wengine wakicheka. Umeme ule haujaharibu kitu. Umelizuia eneo lile kwa sekunde chache, na kwa sekunde hizo tumeona maisha yake yangekuwaje bila eneo hilo.

Hapo kuna mtego. Hesabu inaweza kukatika kwa sababu lugha imezuiwa, au kwa sababu misuli ya mdomo na ulimi imekaza. Kwa hiyo namwambia atoe ulimi na kuuchezesha, umeme unarudiwa, ndipo tunajua. Kisha picha. Moja kila sekunde nne hivi, naye anataja. Mpasuaji anagusa bila kumwambia, picha nyingine anaziacha zipite bila kugusa kabisa, ili mgonjwa asiwe anabahatisha. Mimi nasema kwa sauti nilichosikia: “ameganda”, “ametaja kingine”, pale anapoona mbuzi akasema ng’ombe, “ametamka vibaya”, “amerudia la kwanza”. Mahali hapahesabiwi kuwa pa lugha kwa kosa moja. Panajaribiwa angalau mara tatu, bila kurudiwa mfululizo, na pakithibitika panawekewa kikaratasi safi chenye namba. Ukiuona ubongo wakati huo una vinamba juu yake, hiyo ndiyo ramani yenyewe.

Halafu kazi haijaisha, na hapa ndipo familia nyingi hazijaelezwa. Uvimbe unapotolewa mgonjwa anaendelea kuongea, kwa sababu chini ya gamba la ubongo zimepita nyuzi zinazounganisha maeneo hayo, na kuzikata hizo kunaweza kuleta madhara yasiyorekebika zaidi kuliko kugusa gamba. Umeme unatumika na huko chini. Timu nyingi huacha nafasi ya kama sentimita 1 kutoka kwenye namba iliyo karibu. Wengine husogea zaidi, wakiamini masikio yetu. Mara nyingi mimi ndiye wa kwanza kusema “simameni kidogo, amechelewa kujibu.”

Umeme unaweza kuamsha degedege palepale, hutokea kwa takribani wagonjwa 8 kati ya 100. Dawa ya kwanza ni maji ya chumvi ya baridi kali, yakimwagwa juu ya ubongo, aghalabu yanatosha. Kuna pia wagonjwa wachache, kama 2 kati ya 100, ambao zoezi la kuwa macho linashindikana kabisa na inabidi walazwe.

Nije kwenye lugha zake, kwa sababu ndipo penye kazi ambayo hakuna atakayeifanya msipoianza ninyi.

Tafiti za ramani kwa watu wa lugha zaidi ya moja zimekuta sehemu zinazohudumia lugha zote kwa pamoja, na nyingine ambazo zikizuiwa lugha moja inakwama, nyingine inaendelea. Maana yake kwa vitendo ni kwamba lugha isiyopimwa haikulindwa. Ramani haijui zaidi ya kile ilichoulizwa. Akipimwa kwa Kiingereza peke yake, kwa sababu picha na fomu za hospitali ziko kwa Kiingereza, tutajua kama ataweza kufundisha. Kama ataweza kumuamkia mama yake kwa Kiluguru, hatutajua.

Na si suala la kutafsiri fomu. Seti nyingi za picha zimetengenezwa Ulaya na Marekani, zina vitu ambavyo mtu wa Morogoro hajawahi kuvishika. Mimi natumia jembe, kinu, ungo, mkeka, kata, na picha ya ile taa ndogo ya mafuta ambayo huyu ataiita kibatari na yule koroboi. Siku za kabla ya upasuaji tunapitia picha zote. Alichokiita yeye ndilo jibu sahihi, na picha iliyomsumbua hata mara moja inatolewa. Tukifika mezani, kosa likitokea tunajua limeletwa na umeme.

Kuna jambo jingine la Kiswahili chetu ambalo vitabu vya kigeni havikulifikiria. Mgonjwa hufundishwa kutanguliza kianzio kabla ya jina la kitu, ili tutofautishe aliyekosa neno na aliyekosa sauti kabisa. Lugha nyingine zinaweza kuwa na kianzio kimoja kwa vitu vyote. Kwetu “hii ni” haifai kwa kila kitu: kiti ni hiki, jembe ni hili, mbuzi ni huyu, na huwezi kuchagua kabla jina halijaanza kukujia. Mgonjwa akisema “hiki ni…” akakwama mbele ya kiti, ngeli imefika na neno halijafika. Akinyamaza kabla hata ya “hiki”, siwezi kusema kilichokwama ni neno au mdomo. Ndiyo sababu napenda kianzio cha “naona…”, kisichojali ngeli, na upatanisho naupima kwa zoezi lake: namwonyesha viti viwili vikubwa na kimoja kidogo, aseme sentensi nzima. Vitenzi navyo vina picha zake, mtu anatwanga, anapepeta, anafuta ubao, kwa sababu kuna watu hutaja vitu vizuri na vitendo vikawagomea.

Kiluguru nacho kina ngeli zake, na sijapata kuona kipimo cha usemi kilichoandaliwa kwa lugha hiyo. Kitengenezeni. Kaeni na kaka yake au mama mkwe, mchague picha za vitu vya nyumbani na shambani, mwalimu azitaje kwa Kiluguru huku mnarekodi kwenye simu, mpeleke kwa timu. Muulize daktari kama ndugu anayekijua vizuri anaweza kuwepo kwenye mazoezi ya kabla, au kama kuna nesi Mluguru. Mara nyingi yupo.

Hili linajibu pia suala la India. Kuna hospitali kule zenye uzoefu mkubwa, na kama familia imeamua kwenda siwezi kusema ni kosa. Ila kabla ya kununua tiketi ulizeni: nani atakaa mbele yake? Kama hakuna anayejua Kiswahili, je, wataruhusu mkalimani aingie chumba cha upasuaji, na atakuwa amefundishwa kutofautisha kuganda na kukosea? Waulizeni na madaktari wa hapa maswali hayo hayo, pamoja na hili: mmefanya upasuaji wa namna hii kwa wagonjwa wangapi, na mtaalamu wa usemi ni nani? Mahali pasipo na jibu la kueleweka, vifaa vizuri peke yake havinitoshi.

Mama mkwe naye ana hoja, asipuuzwe. Mtoto wake anaongea vizuri, kwa nini aguswe? Tatizo ni kwamba glioma ya daraja la chini hailali. Hukua polepole, kwa wastani kipenyo huongezeka milimita 4 hivi kwa mwaka, na baada ya muda nyingi hugeuka kuwa kali. Huko Norway kulikuwa na hospitali mbili zenye desturi tofauti: moja ilichukua kinyama kidogo cha uvimbe cha kupima na kusubiri, nyingine ilipasua mapema. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha waliopasuliwa mapema waliishi muda mrefu zaidi. Tena ukuaji wa polepole una faida moja: ubongo hupata nafasi ya kuhamishia kazi mahali pengine. Mpasuaji Hugues Duffau wa Montpellier, Ufaransa, ameeleza wagonjwa ambao eneo lililoachwa bila kutolewa kwa kuwa lilikuwa na lugha, miaka baadaye lilikutwa halina tena kazi hiyo, likatolewa kwa upasuaji wa pili. Kuongea vizuri leo ndiko kunakomfanya awe mgonjwa anayefaa. Aliyekwisha kupoteza maneno mengi hatuwezi kumchorea ramani, maana hatutajua kosa lipi ni la umeme na lipi ni lake.

Wapo wasiofaa hata kama wanaongea vizuri: mwenye kikohozi kisichotulia, anayekoroma hadi pumzi kukatika usingizini, mwenye hofu isiyodhibitika. Kama mwalimu ana mojawapo, semeni mapema. Kwa hao kuna kuchukua kinyama tu, au kupasua akiwa amelala na kuacha sehemu kubwa zaidi ya uvimbe. Ni njia halali, zina gharama yake.

Matokeo? Mwaka 2008 University of California, San Francisco ilitoa taarifa ya wagonjwa 250 waliochorwa ramani ya lugha. Miezi 6 baada ya upasuaji, kati ya 243 waliokuwa hai, 4 tu ndio walibaki na tatizo la lugha lililotokana na upasuaji. Katika wagonjwa wale 250, kwa 105 hakuna sehemu ya lugha iliyopatikana kwenye eneo lililofunguliwa. Kwa hiyo mkisikia “hatukukuta kitu” msidhani kazi imeharibika. Uchambuzi wa mwaka 2012 uliojumlisha zaidi ya wagonjwa 8,000 ulikuta madhara makubwa ya kudumu kwa asilimia 3.4 ya waliotumiwa umeme wa ramani, na asilimia 8.2 ya wasiotumiwa. Takwimu hizo zinatoka zaidi kwenye vituo vinavyofanya kazi hii kila wiki. Kwenye kituo kinachoanza, punguzeni matumaini kidogo.

Na jiandaeni kwa siku za mwanzo. Ubongo huvimba baada ya kupasuliwa, na siku ya pili au ya tatu mtu aliyekuwa akiongea nami mezani anaweza kutafuta neno “maji” asilipate. Uvimbe ukiwa karibu na mstari wa katikati ya kichwa, sehemu ya mbele, anaweza hata kunyamaza kabisa kwa siku au wiki, akaonekana kama hataki kuongea. Si jeuri, wala hakurogwa. Kwa wengi hurudi ndani ya wiki hadi miezi michache, na mazoezi ya usemi husaidia. Msimjaze wageni wa kumpima, “unanijua mimi nani?” Inamchosha na kumtia aibu, hasa mtu ambaye kazi yake ni kusema mbele ya darasa.

Wakati mnasubiri, dawa za kifafa zisikatishwe hata siku moja, hata kama hajaanguka tena, hata kama amepewa dawa nyingine ya mitishamba. Mpelekeni hospitali mara moja bila kungoja kliniki ikiwa degedege itapita dakika 5 au itajirudia kabla fahamu hazijamrudia, ikiwa kichwa kinauma zaidi na zaidi pamoja na kutapika, ikiwa analala kupita kawaida au haamki vizuri, au maneno na mkono wa kulia vikianza kulegea ghafla. Kuna dawa za kupunguza uvimbe wa ubongo zinazoweza kumrudisha haraka, na zinahitaji daktari amwone ana kwa ana.

Mwambieni pia asiende mezani na njaa ya usingizi. Kama anasomea miwani, iandikwe kwenye faili na iingie naye chumba cha upasuaji. Nimewahi kuonyesha picha nzuri kabisa kwa mtu aliyekuwa haoni zaidi ya pua yake, tukapoteza dakika nyingi tukidhani ni umeme.